Komba wa senti 20

Swali lenu la wiki hii, "Ni msanii gani aliyekulea bila wewe kumjua?", limenirudisha kwenye kopo la biskuti la marehemu bibi yangu, Malindi. Humo aliweka barua za mjomba kutoka Nairobi. Barua hazikuguswa, ila bahasha zilikuwa zetu wajukuu. Tulikata kona, tukailoweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu hadi gundi ilegee na stempu iteleze yenyewe, kisha tukaianika juu ya gazeti. Yangu ya kwanza ilikuwa ya senti 20: komba mwenye macho makubwa, mhuri umempita puani.

Nilishakuwa mtu mzima nilipojua kwamba aliyemchora ni Rena Fennessy. Ni yeye aliyebuni stempu za ndege za Uganda za 1965, wanyama wa Kenya 1966, samaki wa Tanzania 1967, kisha makombe ya bahari ya Kenya 1971. Aliyetuma barua Afrika Mashariki miaka ile, bila shaka aliwahi kuilamba kazi yake.

Na kazi yenyewe si ndogo kama inavyoonekana. Miaka ile mchoro wa stempu ulichorwa kwa ukubwa, halafu ulipunguzwa kwa kamera kiwandani; hizi zilichapwa Uingereza, na kampuni ya Harrison and Sons. Unyoya mmoja wa ziada kwenye karatasi hugeuka doa kwenye stempu. Kwa hiyo mchoraji, brashi ikiwa bado na maji, lazima ajue kipi kitapona na kipi akiache. Hadi leo nikimwekea lenzi komba wangu, macho yananitazama.

Kwenye seti hiyo ya wanyama, simba alikuwa wa shilingi 20 na kakakuona wa shilingi 10. Hao wa bei kubwa hawakufika kwetu. Waliofika ni muhanga, yule mla mchwa, wa senti 15, komba, na ngiri wa senti 30. Muhanga nilimjua kwenye bahasha, sijawahi kumwona porini. Nampenda Fennessy kwa hilo: alimchora muhanga kwa heshima ileile aliyompa simba.

Kutoka yale makombe ninazo mbili za senti 70, zenye picha ya nautilasi, mnyama wa baharini mwenye kombe. Ya 1971 imeandikwa jina lake la kisayansi "Nautilus pompileus". Ya 1974, baada ya kusahihishwa, "pompilius". Herufi moja tu. Nimezibandika ubavu kwa ubavu, na mjukuu wangu wa miaka saba ndiye aliyeiona kabla sijamwonyesha.