Wazee wa kanisa wanasema tuyamalize humu ndani

*Binti yangu wa miaka 13 ameniambia mwalimu wa kwaya humshika mwili wakibaki wawili baada ya mazoezi. Wazee wa kanisa wanataka kijana aombe msamaha na mambo yaishe. Nifanyeje? Mama, Kirumba*

Pole sana, mama. Mwambie binti yako kwamba unamwamini na kwamba yeye hana kosa lolote. Andika alichokusimulia kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe, kisha usimhoji tena na tena. Na usikubali kabisa aitwe kikaoni kueleza upya huku mtuhumiwa amekaa anamtazama.

Halafu nenda kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au umwone afisa ustawi wa jamii. Kama leo huwezi kutoka, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Jua pia kwamba mtoto huanza kusimulia kipande, aone utakipokeaje. Ikibainika kuna zaidi ya kushikwa, wahi hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au kitambaa, si kwenye nailoni.

Wazee huenda wakakusomea Mathayo 18, pale panaposema ndugu akikukosea umwonye mkiwa peke yenu. Waombe waanzie juu kidogo. Katika sura hiyo hiyo, kabla hajafika kwa hao ndugu wawili, Yesu anamzungumzia anayemkosesha mmoja wa wadogo, kwamba ingemfaa afungwe jiwe la kusagia shingoni na kuzamishwa baharini. Mtu mzima na mtoto si ndugu wawili waliokosana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe serikali za mitaa, na mzee wa kanisa ni mwanajamii kama wewe. Msamaha ni mali ya binti yako. Kikao hakiwezi kuutoa kwa niaba yake.

Wakati uchunguzi unaendelea, kijana huyo akae pembeni na huduma yoyote inayomkutanisha na watoto. Kumweka pembeni si kumhukumu.

*Nafundisha shule ya Jumapili. Tumeagizwa tuwe walimu wawili kila darasa na mlango ubaki wazi. Najisikia kama nashukiwa. Mwalimu, Igoma*

Hushukiwi, mwalimu. Utaratibu huo unamlinda mtoto, na unakulinda na wewe siku maneno yakizuka. Ila uwe wa wote: mchungaji anapomwombea mtu ofisini, mwinjilisti mgeni, hata mke wa mzee. Ukimwacha nje mkubwa mmoja, kanuni yote imekufa.

*Kwaya yetu inakwenda Ukara kwa mtumbwi wa injini. Kiongozi anasema tukijibana tutaenea wote. Mwanakwaya, Ukerewe*

Msijibane. MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Pandeni kwa awamu, kila mtu na boya lake mwilini. Chombo kisicho na maboya ya kutosha, acheni kiende bila ninyi, hata kama ibada itachelewa.

*Mhubiri mgeni alisema mbele ya mkutano kwamba bibi yetu ndiye aliyefunga uzazi wa ukoo. Watu wanatazama macho yake mekundu na kunong'ona. Mchungaji kanyamaza. Mjukuu, Misungwi*

Mjukuu wangu, hili halisubiri Jumapili. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno ya aina hii, wengi usiku, majumbani mwao. Leo hii toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi. Taja jina la mhubiri na maneno aliyosema. Bibi asilale peke yake.

Macho mekundu si dalili ya uchawi; huletwa na miaka mingi ya kupuliza moto jikoni, moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Waambieni hivyo wanaonong'ona, tena kwa sauti.

Mchungaji aliyempa mgeni madhabahu anawajibika kwa kilichosemwa pale. Asimame hapo hapo, amtaje bibi kwa jina, akanushe neno lile mbele ya waliolisikia. Kisha yeye na wazee waende kumtembelea mchana, majirani wakiona. Akikataa, andikeni kwa viongozi walio juu yake, na nakala mpeleke kwa mtendaji wa kijiji.