Hesabu Mwaka, Usihesabu Mwezi: Nilivyoishi kwa Mshahara wa Mwalimu wa Kiingereza Thailand

Aprili 2018, jua la saa saba, nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya maji ya kunywa kwenye kona ya mtaa wetu mjini Udon Thani, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Mashine hizi ziko mitaani kote. Unatumbukiza sarafu, unaweka chupa chini ya mfereji, unabonyeza, na kwa baht moja unapata takriban lita moja ya maji yaliyochujwa. Nilikuwa na chupa ya lita sita na sarafu ya baht tano. Chumbani nilikuwa nimebakisha noti moja ya mia, na noti hiyo ilitakiwa inifikishe Jumatatu. Ilikuwa Songkran, mwaka mpya wa Wathai, watu wote wako barabarani wakimwagiana maji. Mtoto wa jirani akanimiminia kopo zima mgongoni, akapiga kelele kwa furaha, "Khru!", yaani mwalimu. Nikamtabasamia. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia.

Nyumbani Voi wangeniona pale wasingeelewa. Mkataba wangu ulisema baht 25,000 kwa mwezi, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikaribia shilingi 80,000 za Kenya. Sikunywa pombe, sikuzurura, sikununua simu mpya. Nilikwama kwa sababu moja tu: nilikuwa nimehesabu mwezi, sikuhesabu mwaka.

Shule nyingi za Thailand huanza mwaka katikati ya Mei na kufunga mwezi Machi, na katikati kuna likizo ya Oktoba. Mwalimu wa serikali, Mthai, hulipwa miezi yote. Mgeni hulipwa kwa jinsi mkataba wake ulivyoandikwa, na mikataba ya miezi kumi ni mingi sana, hasa ukiajiriwa kupitia wakala. Wangu ulikuwa na nakala mbili, ya Kiingereza na ya Kithai. Kwenye nakala ya Kithai tarehe ya mwisho ilikuwa 15 Machi 2561. Wathai huhesabu miaka ya Kibuddha, inayotangulia yetu kwa miaka 543, kwa hiyo 2561 ni 2018. Mimi nilipoambiwa "mkataba wa mwaka mmoja wa shule" nilisikia mwaka mmoja, basi. Februari ndipo mwenzangu aliponiuliza nimejipangaje kwa miezi miwili isiyo na mshahara. Nilidhani amekosea.

Basi chukua kalamu. Baht 25,000 mara kumi ni 250,000. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, kwa sababu unakula na kulipa kodi ya nyumba miezi yote kumi na miwili. Unapata kama 20,800. Huo ndio mshahara wako. Ile 25,000 ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi tu.

Kisha toa vitu vinavyokuja mara moja kwa mwaka. Kuongezewa muda wa viza pale uhamiaji ni baht 1,900. Kibali cha kazi cha mwaka mmoja ni 3,000 na mia moja ya fomu. Shule nyingine hulipa hizi, nyingine hukuachia mwenyewe, na hakuna haya kuuliza kabla ya kusaini. Kila mwezi hukatwa pia mchango wa hifadhi ya jamii, kwa wakati wangu baht 750. Mchango huo usiununie. Unakupa hospitali moja unayoandikishwa, na nilipougua homa ya dengue siku nne kitandani sikutoa hata baht moja.

Siku za mwanzo ndizo zinazowaumiza wengi wanaotoka kwetu. Niliwasili na baht 20,000, akiba ya mwaka mzima wa kufundisha shule ya binafsi huko nyumbani. Chumba kilikuwa 3,500 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hutaka amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza mkononi. Hiyo ni 10,500 kabla hujanunua ufagio. Nikabakiwa na 9,500, na kwa kuwa nilianza kazi katikati ya Mei na karatasi zangu zikachelewa, mshahara wa kwanza niliuona mwisho wa Juni. Wiki sita. Mtu akiniuliza leo aje na kiasi gani, namwambia asipande ndege bila miezi miwili ya kuishi mfukoni, mbali na amana ya nyumba. Na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano asiiache, maana sisi tunaotoka Kenya tunatakiwa kuionyesha.

Umeme ulinifundisha kwa kiboko. Kwenye vyumba vya kupanga, mwenye nyumba huuza umeme kwa bei yake. Pale kwetu ilikuwa baht 7 kwa yuniti, wakati ukiwa na mita yako ya serikali ungelipa kama 4. Mwezi wa kwanza nililala na kiyoyozi usiku kucha kama mgeni hotelini. Bili ikaja kwenye kikaratasi kilichopenyezwa chini ya mlango: yuniti 300, baht 2,100. Zaidi ya nusu ya kodi! Nikanunua feni ya kusimama kwa 600, nikawa nawasha kiyoyozi saa moja tu kabla ya kulala, nikizima na kuiachia feni kazi. Bili ikashuka hadi mia sita, mia saba. Unapokwenda kuangalia chumba, swali la kwanza liwe bei ya yuniti, la pili ndilo kodi. Chumba cha 3,000 chenye umeme wa baht 8 kinaweza kukugharimu kuliko cha 3,800 chenye mita ya serikali.

Chakula hakikunisumbua, na hapa nataka kuwatia moyo wanaoogopa. Isaan, sehemu ile ya Thailand, watu hula wali wa kunata kwa mkono. Huja kwenye kikapu kidogo cha mianzi, unamega tonge, unalifinyanga kwa vidole, unachovya mchuzi. Siku ya kwanza niliyokaa chini na walimu wenzangu tukala hivyo, mwalimu mmoja mtu mzima alinitazama nikimega tonge bila kufundishwa, akacheka akaniongezea samaki. Ugali sikuupata, lakini mkono ulikuwa umefika nyumbani. Kipakiti cha wali huo kilikuwa baht 10. Mchicha upo sokoni, na ipo mboga wanayoiita khana, ambayo ukiikatakata vyembamba na kuikaanga kwa kitunguu na nyanya, ni nduguye sukuma wiki kabisa. Wali na mchuzi kwenye kibanda ulikuwa 40, yai la kukaanga 10. Mchana nilikula shuleni bure. Walimu niliowaona wakilia kuhusu chakula ni waliotafuta mkate, jibini na kahawa za maduka ya kifahari kila asubuhi. Kahawa ya baht 70 kwa siku ishirini ni 1,400. Hiyo ni pesa ya umeme na maji, na chenji inabaki.

Kwa jumla mwezi wangu, baada ya kutulia, ulikuwa hivi: nyumba 3,500, umeme na maji 900, chakula 5,500, petroli ya pikipiki 700, simu na intaneti 400, sabuni na vidogovidogo 600. Jumla 11,600. Kutoka 24,250 zilizoingia benki baada ya makato, zilibaki 12,650. Mwaka wa kwanza sikujua zilikwenda wapi. Sasa najua: zilikwenda nyumbani, vipande vipande.

Hili ndilo gumu kuliko yote, na naliandika kwa upendo. Ukiwa ng'ambo, kila mtu anakuona umefika. Mjomba alinipigia kuhusu karo ya binamu, shangazi kuhusu bati, rafiki wa shule ya upili kuhusu mtaji. Hakuna aliyekuwa mlaghai. Wote walikuwa na shida za kweli, na mimi ndiye nilikuwa kwenye namba ya simu ya nje. Nilikuwa natuma elfu mbili leo, elfu moja wiki ijayo, na kila mara nalipa ada ya kutuma, ambayo kwa kiasi kidogo inauma zaidi. Na kila nilipotuma, niliongeza maneno ya kujifanya sina shida.

Baada ya ile Songkran nilimpigia mama. Thailand iko saa nne mbele, kwa hiyo nilingoja hadi saa tatu usiku, kwao saa kumi na moja jioni. Nikamsomea hesabu yote, kodi ya nyumba, umeme, miezi miwili bila mshahara. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Sisi tulidhani tunachota kwenye mto, kumbe tunakunyang'anya kikombe." Tangu hapo nilituma mara moja kwa mwezi, tarehe mbili, kiasi kilekile, baht 4,000, kwa mama peke yake. Aliyekuwa na shida alimwendea yeye, na yeye anajua nani ana njaa na nani ana tamaa kuliko ninavyojua mimi niliye mbali. Mjomba alinuna miezi mitatu. Akarudi.

Aliyenitoa kwenye noti ile ya mia alikuwa mwalimu kutoka Ufilipino, jirani yangu wa ghorofa ya pili. Alinikopesha 6,000 bila kuniuliza maswali. Kisha akanieleza jinsi wao wanavyopita Aprili. Wanaweka paluwagan: watu kumi, kila mmoja anatoa 2,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anachukua zote 20,000. Alianza kunifafanulia taratibu, kama mtu anayedhani jambo ni geni. Nikamwambia ngoja, hiki ni chama! Mama yangu amekuwa kwenye chama tangu kabla sijazaliwa. Watanzania wanaita upatu au mchezo. Nilijisikia mjinga kwamba nilivuka bahari nikaacha nyuma kitu ambacho wanawake wa mtaani kwetu wamelelea watoto. Juni ya mwaka huo niliingia kwenye kundi lao, nikaomba zamu yangu iwe ya mwezi wa mwisho, Machi, mahali pale pale mshahara uliponikatikia. Ukifika nchi ya watu, tafuta Wafilipino waalimu. Wamekaa kwenye njia hii muda mrefu kuliko sisi, na wanaijua kila ngazi yake.

Kuhusu mshahara wenyewe. Darasa lililopakana na langu lilifundishwa na kijana kutoka Uingereza, asiye na shahada ya ualimu, kwa 33,000. Mimi nina shahada ya elimu na nilitakiwa pia kufanya mtihani wa TOEIC kuthibitisha Kiingereza nilichosomea tangu darasa la kwanza. Inauma, na sitakwambia isikuume. Lakini nguvu ya kubishana nilijifunza kuielekeza mahali inapozaa. Mkuu wa shule anaona vigumu kupandisha namba ya mwezi, kwa sababu ina kiwango kilichopangwa kwa pasipoti yako. Idadi ya miezi ni rahisi zaidi kuizungumza. Mwaka wa pili nilihamia shule iliyonipa 24,000 kwa miezi kumi na miwili. Wenzangu walisikitika kwamba nimeshushwa. Mara kumi na mbili ni 288,000. Nimepanda kwa 38,000 na Aprili nalala usingizi.

Wengi huniuliza kuhusu masomo ya ziada ya jioni. Yapo na yanalipa. Ila kibali cha kazi kimeandikwa jina la mwajiri wako na mahali pa kazi, na ukikutwa unafundisha kwingine unahatarisha kila kitu ulichojenga. Mimi niliomba darasa la Jumamosi hapo hapo shuleni, likaandikwa kwenye mkataba, baht 300 kwa saa, saa tatu. Ni kidogo kuliko waliokuwa wakipata wengine majumbani kwa watu. Nilitaka kulala bila kuogopa kugongewa.

Na tarehe za uhamiaji zitunze kama vile unavyotunza za kumeza dawa. Kuripoti kila siku 90 ni bure, ukichelewa faini ni 2,000. Kukaa baada ya viza kuisha ni 500 kwa kila siku. Ukitaka kwenda nyumbani likizo, nunua kwanza kibali cha kurudi, 1,000 kwa safari moja, kabla hujatoka nchini. Ukitoka bila hicho, viza yako inakufa uwanja wa ndege, na unaanza upya na kulipa upya.

Machi 2019 zamu yangu ya paluwagan ilifika. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alinihesabia noti ishirini za elfu moja juu ya meza yake, mbili mbili, wenzetu wakitazama. Nilipitia uhamiaji asubuhi yake, nikalipa 1,000, nikapigiwa muhuri. Aprili hiyo nilikuwa Voi, nimekaa jikoni na mama, namega ugali.