Wimbo Wangu Una Pengo la Sekunde 3

Wakuu, swali lililoulizwa ni hili: taja wimbo unaoupenda kuliko zote, kisha useme unakukumbusha nini. Nimesoma majibu yote, na naona wengi tumelijibu kana kwamba ni swali moja. Kwangu ni mawili. Wimbo ninaoupenda kuliko zote haunikumbushi chochote. Nimeusikiliza nikiwa na furaha, nikiwa mgonjwa, nikifua, nikisafiri, mpaka hauna tena siku wala mtu wake. Wimbo unaonirudisha nyuma ni mwingine kabisa, na kwa miaka mingi sikuwahi hata kuusikia wote.

Ni Redemption Song ya Bob Marley. Wanaoujua wanajua kwamba humo hamna bendi: ni sauti yake na gitaa moja, basi. Ngoma hakuna, besi hakuna, waitikiaji hakuna. Ndio unaofunga albamu ya Uprising iliyotoka 1980, na Mei 1981 mwenyewe akafariki. Kwa kuwa wimbo ni mtupu kiasi hicho, kasoro ikiingia hamna pa kuificha.

Kaka yangu mkubwa aliurekodi kutoka redioni, kwenye kaseti ya dakika 60. Waliopitia enzi hizo wanaikumbuka kazi yenyewe. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kucheza na kile chekundu, unakaa kidole kiko tayari, unamwomba Mungu mtangazaji asianze kuongea kabla gitaa halijanyamaza. Kaka alikuwa na subira ya kazi hiyo. Mimi nilikaa pembeni na nilikatazwa kukohoa, kwa sababu redio ile ilikuwa na maikrofoni yake na ilidaka kila kitu.

Kaseti hiyo ilichezwa mwaka mzima, kisha siku moja redio ikaumeza mkanda. Sauti ikavutika, ikawa kama ya mtu anayezama, ikakatika. Kaka hakuivuta kaseti kwa nguvu. Alifungua kifuniko, akaanza kuutoa mkanda kwa kucha, taratibu, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Sehemu kubwa ilikuwa imekunjamana tu, akainyoosha kwa ncha za vidole. Ila kipande kimoja kilikuwa kimesagika, hakifai. Akachukua wembe, akakikata mshazari, akaziunganisha ncha mbili kwa selotepu aliyoipunguza mpaka ikalingana na upana wa mkanda. Aliniambia selotepu lazima ikae upande wa mgongo wa mkanda, upande usiogusa hedi ya redio, kile kichuma kinachousoma mkanda, la sivyo itaacha gundi na kuharibu kaseti zote zitakazofuata. Kisha akanipa kalamu niuzungushe mkanda urudi ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya kazi, na niliifanya ulimi uko nje.

Kipande kile alichokikata nilikichukua. Kilikuwa na urefu wa mkono wangu wa wakati huo, kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikapiga hesabu. Mkanda wa kaseti hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Mkono wa mtoto wa miaka tisa au kumi ni kama sentimita 14. Kwa hiyo kaka alitoa sekunde 3 hivi za wimbo.

Na sekunde zenyewe ziliangukia kwenye ubeti wa pili, pale penye maneno ambayo Marley aliyachukua kutoka hotuba ya 1937 ya Marcus Garvey, Mjamaika aliyepigania haki za watu weusi. Kwetu sauti ilikuwa inaruka tu: anaanza kusema, unasikia kitu kama kikohozi kidogo, tayari yuko mbele. Mimi nilikua nikiamini ndivyo wimbo ulivyo. Niliuimba hivyo, na kuruka kwangu.

Siku niliyousikia mzima nilikuwa ndani ya gari la abiria. Wimbo ukafika pale, mdomo wangu ukaruka kama kawaida, Marley akabaki nyuma anamalizia sentensi ambayo sijawahi kuisikia. Ningetegemea kufurahi. Badala yake nilihisi kama nimeingia chumba cha nyumbani nikakuta mtu nisiyemjua amekaa kwenye kiti cha kaka. Kaka alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla. Niliteremka kabla ya kituo changu.

Kuna jambo jingine nililigundua siku hiyo: wimbo ulikuwa juu mno, na wa haraka. Redio yetu ilikuwa inazunguka polepole kuliko siku ile ya kurekodi. Kaseti ikichelewa kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hushuka kwa nusu toni, na Marley wetu alikuwa na sauti nzito kidogo kuliko Marley wa dunia nzima. Mpaka leo nikiuanza mwenyewe jikoni bila muziki, ninauanzia kule chini kwa kaka. Baadaye nilisoma kuhusu jaribio alilochapisha mwanasaikolojia Daniel Levitin mwaka 1994. Aliwaomba watu waimbe kutoka kichwani wimbo wanaoujua vizuri, pasipo kusikilizishwa chochote, na wengi, hata wasio wanamuziki, walianzia palepale au karibu sana na sauti ya rekodi yenyewe. Kumbe kichwa hakihifadhi wimbo kwa jumla jumla. Kinahifadhi ile nakala uliyoisikia, pamoja na mwendo wake na mikwaruzo yake. Nilipolisoma hilo niliacha kujiona wa ajabu.

Mkuu mmoja hapo juu ameandika kwamba nyimbo za siku hizi hazitaacha kumbukumbu, hazina uzito. Kwa heshima, sikubaliani. Watu wakiombwa wasimulie maisha yao, kumbukumbu nyingi hujazana kwenye umri wa miaka 10 hadi 30, na nyimbo za umri huo ndizo zinazoshika. Si kwamba nyimbo zetu zilikuwa bora. Ni kwamba zilitukuta wakati kila kitu kilikuwa kinatokea kwa mara ya kwanza. Binti yako mwenye miaka 15 anayekuudhi na spika yake, ndiyo kwanza anajiwekea akiba. Mtafiti wa ubongo Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha mwaka 2009 picha za ubongo wa watu wakisikiliza nyimbo za utoto na ujana wao. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayohusika na mtu kujijua yeye ni nani, ilichangamka zaidi wimbo ulipogusa maisha ya msikilizaji.

Ndiyo maana nasema wimbo unaoupenda sana uko hatarini. Kila unapoucheza unaubandikia siku mpya juu ya ile ya zamani. Ule ulioshiba miezi michache ya maisha yako ukapotea, huo ukirudi unarudi na kila kitu: harufu ya chumba, mwanga, nani alikuwa amekaa wapi. Mimi nimeutoa Redemption Song kwenye orodha ya simu yangu. Sitaki unikute nikitafuta funguo. Nikiusikia kwa watu sawa, lakini kwa mkono wangu mwenyewe nauchezesha mara moja kwa mwaka.

Sasa niseme la kaseti, kwa sababu wengi mmeuliza kama inafaa kuzihamishia kwenye kompyuta. Inafaa, tena harakisheni, mkanda hauna umri mrefu. Lakini sikilizeni kilichonipata. Nilimpa fundi kaseti yetu aniwekee kwenye flashi. Alikuwa mtu mwema, alitaka kunifanyia vizuri. Akaondoa ule mvumo wa kaseti kwa programu, akarekebisha mwendo, akakata kila wimbo ukae peke yake. Na alipofika kwenye pengo, akaona ni uharibifu, akapakua wimbo safi kutoka intaneti akauweka mahali pake. Alinikabidhi akitabasamu. Nilishukuru, nikalipa, nikaenda kukaa mahali nikalia. Mvumo alioufuta ulikuwa ndio chumba chetu. Kikohozi nilichozuia kilikuwa humo, na pumzi ya kaka karibu na maikrofoni kabla ya kuzima.

Bahati kaseti yenyewe alinirudishia. Nilitafuta redio inayofanya kazi, nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti, nikaunganisha waya kwenye kompyuta na kurekodi mwenyewe. Ukifanya hivyo, rekodi upande mzima kwa mkupuo, dakika zote 30, usikate wimbo na wimbo. Mpangilio nao ni kumbukumbu: kwetu gitaa la Marley likinyamaza, kabla hakijasikika chochote, kichwa tayari kinamsikia Miriam Makeba, kwa sababu ndiye aliyefuata kwenye kaseti. Nakala ya kwanza usiiguse kabisa. Ukitaka kuisafisha, safisha nakala ya pili.

Na ninyi mliosema mnauguza wazazi waliopoteza kumbukumbu: msiwachezee nyimbo za wazee kwa jumla. Ulizeni ndugu na marafiki zao wa zamani, mtafute nyimbo walizosikia wakiwa vijana, na kama inawezekana rekodi ileile, si iliyorudiwa na mwimbaji mwingine. Utafiti uliotoka mwaka 2015 kwenye jarida la Brain ulionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazotunza nyimbo za zamani huathiriwa kidogo na ugonjwa wa Alzheimer kuliko sehemu nyingine nyingi. Jaribuni mkiwa na subira, na mzazi akichoka zimeni.

Mwaka huu siku yangu ya kuucheza ilipofika, mtoto wa kaka alikuwa kwangu. Ana miaka 19 sasa, na baba yake alimwacha mdogo, hamkumbuki. Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya wembe na kalamu. Alikaa sakafuni karibu na spika, kimya. Ubeti wa pili ukaja, sauti ikaruka.

Akaniangalia. "Hapo ndipo baba alipokata?"

Nikamwambia ndiyo. Akaomba nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha mara tatu.