Ufunguo wa wazi unafunga tu
Kaka, umeuliza kama mtu akiupata ufunguo wako wa wazi (public key, ule simu yako inaowapa wengine ili wakufungie meseji) atasoma meseji zako. Hapana, hasomi yoyote, ule ni kama kufuli umegawa likiwa wazi, yeyote analibana tu lakini kulifungua ni wewe mwenye ufunguo wa siri na huo hautoki kwenye simu yako. Ndo maana WhatsApp tangu 2016 seva zao (kompyuta zao za kati) zinapitisha meseji tu, kusoma haziwezi. Shughuli iko kwenye kujua kufuli ni la nani, maana mjanja anaweza akakupa lake akajifanya ndo rafiki yako, kwa hiyo bonyeza jina la mtu kwenye chati, ingia palipoandikwa usimbaji fiche (encryption, huko kufunga meseji), mlinganishe zile tarakimu 60 mkiwa pamoja, zikifanana basi kufuli ni lake kweli. Wengi hata hawajui kama zipo 😅