Re: Mashine ndogo ya msasa inakula omo ya mtumbwi

Mkuu, umeuliza kwa nini mashine yako inakula omo, yaani ncha ya mbele, ya mitumbwi midogo ya mapambo unayochonga hapo Kirumba, Mwanza. Nadhani unaikandamiza. Iache iteleze kwa uzito wake, mwendo wa chini kabisa, uanze na msasa namba 180 kisha 240. Namba 80, ule wenye chembe kubwa, kwenye kitu cha ukubwa wa kiganja ni kukitafuna tu! Fuata nyuzi za mbao. Ile kona ya ndani, ubavu unapokutana na mkuku (uti wa chini wa mtumbwi), mashine haifiki vizuri: zungushia kipande cha msasa kwenye kijiti, malizia kwa mkono. Halafu vaa barakoa, hasa kama ni mbao ya mvule. Vumbi lake linawasha pua na macho balaa, hata ukifanyia kazi nje kwenye upepo wa ziwa.