Bei ya jirani ndo iliniponza

Jirani aliuza nyumba yake ndani ya wiki moja, wateja wanapandiana dau mpaka akawa anachagua wa kumuuzia, sasa mi nikakaa karibu mwaka nawaza, nikaja kuiingiza yangu sokoni kwa bei ileile, tena nikaongeza kidogo maana ina chumba cha ziada. Wiki ya kwanza simu mbili. Wiki ya tatu akaja jamaa na mkewe, jamaa anagongagonga vigae vya bafuni kwa kidole anasikiliza vipi vimeachia, vinne vikaitika, akatoa ofa asilimia 6 chini ya bei yangu. Nikamjibu kwa jeuri. Miezi mitano baadaye nikauza chini ya hiyo ofa, na vigae nimebadilisha kwa hela yangu.

Kumbe soko likipoa bei hazianguki siku hiyohiyo, kwanza wateja wanapungua na nyumba zinakaa. Anayenunua kwa mkopo anaangalia rejesho la mwezi, na mkopo wa miaka 30 riba ikitoka asilimia 3 kwenda 7 rejesho linapanda kwa zaidi ya nusu, nyumba ileile! Ukianza juu sana watu wanaulizana hii nyumba ina nini mbona haitoki, unashusha kidogokidogo na soko linazidi kukutangulia.

Sasa uuze au usiuze? Inategemea unahamia wapi. Nyumba yako ya 100 ikishuka asilimia 10, na unayoitaka ya 150 ikashuka hivyohivyo, umepoteza 10 umeokoa 15, hapo uza. Ukihamia ndogo hesabu inageuka. Na kama una mkopo wa zamani wa riba ndogo, ukiuza ndo umeuaga, mpya unaupata kwa riba ya leo (hili nililisahau kabisa). Halafu toa deni la benki, kamisheni ya dalali, kodi, ukarabati, kinachobaki ndo hela yako.

Kama hakuna kinachokusukuma na rejesho unalimudu, au mpangaji anaweza kulibeba, mi ningekaa. Ila kama ni talaka au kazi imekuhamisha usijidanganye eti unasubiri soko lirudi, Marekani bei zilifika kileleni 2006 zikaendelea kushuka mpaka 2012 hivi, nani ana subira hiyo?

Jamaa wa vigae nilimpigia baadaye, kiburi kimeisha. Alishanunua mtaa wa pili.