Mbwa mkubwa na paka wawili

Pole dada. Umesema mbwa wako mpya anawakimbiza paka wako wawili hapo Iringa, hawashuki tena darini. Usiwakutanishe kwa nguvu. Kwanza watenge, kisha wabadilishie matandiko ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Wakutane mbwa akiwa amefungwa kamba, ameshakula na ametembezwa vya kutosha. Akimkodolea paka macho huku mwili umekakamaa, mwite jina. Akigeuka tu, mpe kipande cha nyama papo hapo. Hili ndilo kubwa, usilichoke! Wangu hapa Uyole alichukua miezi miwili. Paka waachie juu ya kabati, na chakula chao kiwe huko huko. Baridi hii wote watagombea kulala karibu na jiko, kwa hiyo usiku bado watenge.